Nusu ya Tiketi ya Mwalimu

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga pale chumba chetu cha kushonea, Stafford, karibu na Houston, Wambui aliniuliza mbele ya watu wote: kwa nini mimi, Mama Brenda, humwandikia tiketi ya nguo hata dada yangu wa tumbo moja? Mlicheka, nami nikacheka nikijifanya nina keki mdomoni. Ukweli ni kwamba jibu lake halikufaa kwa sherehe. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma na siku nzima ni yangu, kwa hiyo nitalijibu polepole. Mwenye haraka anaweza kuanzia mwisho, lakini asije kuniuliza maswali.

Nilianza kazi Dallas, katikati ya miaka ya tisini, katika duka ambalo jina lake silitaji. Waliolinunua walilifuta kila mahali kwa bidii sana na sitaki kuwaharibia kazi. Lilikuwa duka la ghorofa nyingi, la tangu enzi za mababu, lenye matawi Fort Worth na Houston. Watu wa Texas walilizungumzia kama mtu wa ukoo wao. Bibi alinunuliwa gauni lake la kwanza pale, akamleta binti yake, binti naye akamleta wake. Mimi hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba mume wangu alikuwa anasoma chuo Arlington, kwamba tulikaa Mansfield, mji wa jirani, na gari moja, na kwamba tangazo lilisema wanatafuta mtu anayejua kushona.

Nilikuwa nimeshona sare za shule Thika kwa miaka sita, kwa hiyo nilijiona fundi. Asubuhi ya kwanza nilipewa suruali ya mwanamume niifupishe. Nikaimaliza mbio, nikaipiga pasi, nikaiweka mezani kwa maringo. Mkubwa wa chumba alikuwa mama mmoja mweusi wa Dallas, Miss Earline, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Aliigeuza suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo. Kisha akachukua kiwembe akalifumua lote.

"Umeshona kama mtu anayefukuzwa," aliniambia.

"Lakini upande wa ndani nani atauona?" nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha shule.

"Wewe," akasema, akanirudishia suruali.

Pindo lile nililirudia mara tatu. Siku hiyo sikula chakula cha mchana, na nilimchukia kwa muda wa kama wiki mbili. Baadaye nilimpenda kuliko shangazi zangu wote. Alinifundisha kwamba chaki ya nta ni ya sufu tu, ukiipeleka kwenye hariri pasi itakuumbua. Alinifundisha kumpima mtu akiwa anaongea, kwa sababu ukimnyamazisha ataingiza tumbo ndani na suruali itamkataa akifika nyumbani. Mkasi wake hakuna aliyeugusa. Mhasibu mmoja aliutumia kufungulia boksi, na nasikia alihamia jimbo lingine.

Chumba kile kilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, kila fundi alikuwa na rangi yake ya uzi. Ukimaliza kazi, unapiga mishono mitatu ya msalaba ndani ya nguo, mahali pa kujificha, ili nguo ikirudi na kosa ijulikane ni ya nani. Yangu ilikuwa ya manjano. Ya pili ni tiketi. Mnazijua, ndizo hizi mlizozirithi kwangu: kadi ndefu yenye nambari ile ile juu na chini, na mstari wa matundu katikati. Nusu moja inabanwa kwa pini kwenye nguo, nusu nyingine mteja anaondoka nayo. Akija kuchukua nguo yake, anatia sahihi kwenye nusu yetu.

"Nguo bila tiketi ni nguo ya duka," Miss Earline alikuwa akisema kila anapopita kwenye reli za kutundikia nguo. Nilidhani ni mazoea tu ya mdomo.

Na juu ya hayo kulikuwa na ahadi. Nguo iliyonunuliwa dukani kwetu tuliirekebisha maisha yake yote, bure. Mtu hunenepa, mtu hukonda, mtu hufiwa akasahau kula, suti inabaki ile ile. Sisi ndio tuliokuwa tukiileta suti ikutane na mwili. Nilizipenda sana siku hizo na sioni haya kusema.

Duka halikuanguka kwa kishindo. Kwanza tuliacha kuletewa vifungo vya pembe, tukaletewa vya plastiki. Mzee wa pasi alistaafu na kiti chake hakikukaliwa na mtu. Zulia la ghorofa ya tatu lilitoboka mbele ya lifti, wakaweka chungu cha maua juu ya tundu, na wateja wakawa wanakizunguka kile chungu kana kwamba ni kawaida. Kisha asubuhi moja tukaitwa sote kwenye ukumbi wa kuuzia viatu, tukakuta donati. Wadogo zangu, mkikuta donati kabla ya saa tatu asubuhi, shikeni mikoba yenu. Tuliambiwa kampuni kubwa ya jimbo lingine imetununua, na kwamba hakuna kitakachobadilika.

Haukupita mwaka, chumba cha Dallas kikafungwa. Miss Earline walimpa saa ya ukutani. Aliitazama, akauliza kama ina betri, kisha akanifuata kwenye meza yangu akaniwekea mkasi wake pamoja na kitita cha tiketi za zamani, zile zenye jina la duka. Nililia kama mtoto. Mimi nikahamishiwa Houston, ambako mume wangu alikuwa ameshapata kazi. Tukapanga nyumba mtaa wa Alief, ambako ungeweza kupata unga wa ugali na kanisa la Kiswahili kwenye barabara moja, bora tu uwe na gari.

Tawi la Houston lilikuwa limeshabandikwa jina jipya. Ukutani, chini ya herufi mpya, zile za zamani zilikuwa zimeacha kivuli cheupe kwenye jiwe, na jua likipiga ulikuwa unasoma majina mawili kwa pamoja. Wenye duka wapya walileta sheria zao kwa karatasi. Marekebisho ni kwa nguo yenye risiti mpya tu. Atakayepokea nguo ya nje bila risiti atahesabiwa amefanya biashara yake binafsi dukani, na atafukuzwa bila haki yoyote. Tulitia sahihi sote. Ahadi ya maisha yote ilikufa siku hiyo bila hata tangazo.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu.

Mwalimu Kariuki alikuwa amefundisha hesabu Murang'a kwa miaka mingi kabla ya kuja Houston. Huku alilinda ghala. Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Kiswahili kanisani, akiwauliza kwa Kiswahili, nao wakimjibu kwa Kiingereza, naye akiwapa alama hata hivyo. Binti yake Njeri alipohitimu chuo, Mwalimu alijinunulia dukani kwetu suti ya buluu iliyokolea, ya sufu nzuri. Hiyo ndiyo suti pekee aliyowahi kuwa nayo Amerika. Kisha akaugua tumbo. Akakonda kiasi kwamba kanisani watu walianza kumsalimia kwa sauti ya chini.

Alikuja dukani Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya Pasaka, suti mkononi.

"Mama Brenda, hii kitu imekuwa tent," alisema. "Nataka kuivaa Easter, watu wasiseme nime-borrow."

"Hiyo ni kazi kidogo, Mwalimu. Simama hapo niku-pin."

Nilimpima akiwa anaongea, kama nilivyofundishwa. Alizungumza habari za Njeri muda wote. Kiuno kilikuwa kimepungua sana, hata pini zangu karibu zikutane mgongoni. Nilikaza uso asione kitu. Nilipomaliza akavaa nguo zake, akasimama pale kaunta, hakuondoka.

"Na tiketi yangu?"

"Ya nini, Mwalimu? Hawa watu wapya wakiona haina risiti watairudisha. Hii iko na mimi. Wewe njoo tu next week."

"Niandikie tu. Mimi ni mtu wa karatasi, unanijua."

Sasa nisikilizeni. Ningeweza kuchukua kitita cha zamani, nikamwandikia nusu yake aweke mfukoni, na hakuna mtu ambaye angejua. Lakini kwetu, mtu wa nyumbani akikuomba karatasi, unaona kama amekupiga kofi. Mtu tuliyekula naye Krismasi, tuliyeomba naye, nimwandikie tiketi kama mgeni? Nilijisikia vibaya, na nikamjibu kwa kiburi kilichovaa kicheko.

"Mwalimu, kwani unaona nitaiuza?"

Aliinua mikono yake yote miwili, kama mtu aliyekamatwa. "Haya, Mama Brenda. Yaishe." Akatoka mikono mitupu.

Suti niliimaliza siku tatu baadaye. Nilibana koti na kiuno, nikapiga mishono yangu mitatu ya manjano ndani ya bitana, nikaitundika nyuma ya mlango. Mwalimu hakuja. Alikuwa amelazwa. Pasaka ikapita. Kisha tukaitwa tena kwenye ukumbi wa viatu, na safari hii hapakuwa na donati. Tawi letu lilikuwa linafungwa.

Waliokuja kuuza vilivyobaki tuliwaita madalali. Walifika Jumatatu, wakabadilisha kufuli za vyumba vyote siku hiyo hiyo, na sisi tukapelekwa chini kukunja mashuka. Mkubwa wao, Bwana Dale, alikuwa mtu wa makamo mwenye kikohozi na bunduki ya kubandika bei kiunoni. Alikuwa amefunga maduka mengi na alifanya kazi hiyo kama daktari wa meno, kwa adabu na bila kukutazama machoni.

Jumanne mchana simu yangu ikalia nikiwa kwenye mashuka. Alikuwa mke wa Mwalimu, Mama Njeri, ambaye alihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa.

"Mama Brenda, Mwalimu ametuacha asubuhi," alisema. Sauti yake ilikuwa imenyooka kabisa. "Tunampeleka nyumbani. Mwili una-fly Alhamisi. Watu wa funeral home wanataka nguo kesho, saa nane mwisho, ndio wamalize. Mwalimu alisema nisihangaike kutafuta suti. Alisema iko kwako."

"Iko kwangu," nilisema. "Itafika."

Nilikata simu nikapanda ngazi hadi chumbani. Kufuli ilikuwa mpya. Nilichungulia kwenye kioo cha mlango nikaona reli zote ziko tupu, na nyuma ya mlango hakuna kitu. Nilimtafuta Bwana Dale, nikaambiwa amekwenda uwanja wa ndege na atarudi asubuhi.

Jumatano saa tatu nilikuwa mlangoni kwake. Msaidizi wake akanieleza walivyofanya. Nguo zenye tiketi ziliwekwa kando, wateja waje wachukue. Zisizo na tiketi zilibandikwa kibandiko cha rangi ya machungwa, zikawa mali ya kuuzwa. Na suti nzuri za sufu hazikushushwa dukani hata kidogo. Zilifungwa kwenye maboksi, zipelekwe Fort Worth, tawi lililobaki wazi. Lori lingeondoka saa sita. Nguo bila tiketi ni nguo ya duka. Nilimsikia Miss Earline kana kwamba yuko nyuma ya bega langu, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa.

Nilimkuta Bwana Dale kwenye mlango wa mizigo, dereva wa lori akiwa ameshafungua milango ya nyuma. Nilimweleza yote kwa haraka: marehemu, ndege, saa nane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa, akatazama orodha yake, akaagiza maboksi matatu yashushwe na yafunguliwe. Dereva alitazama saa yake akaguna. Boksi la kwanza, haimo. La pili, haimo. Katika la tatu niliijua kwa bega kabla hawajaitoa.

"Hii?" aliuliza Bwana Dale. Akageuza kola. "Ina lebo ya duka."

"Aliinunua hapa zamani. Angalia ndani." Nikaivuta bitana ya kiuno, nikamwonyesha mishono yangu ya manjano.

Aliinama akaiangalia vizuri. "Hii inaonyesha kwamba wewe umeishona," alisema. "Haionyeshi ni ya nani."

Na alisema kweli. Angekuwa mkorofi ningepata nguvu ya kugombana. Nilimuuliza kama ninaweza kuinunua. Akasema wafanyakazi hatuuziwi kitu mpaka wiki ya mwisho, na suti za lori haziuzwi kwa yeyote, orodha imeshatumwa.

"Ungekuwa na tiketi, ningekupa sasa hivi," alisema.

Nikairudisha bitana mahali pake.

Alichomoa karatasi kwenye ubao wake. "Kuna njia moja. Andika kwamba nguo hii ni ya mtu wa nje, uliipokea bila risiti na bila tiketi. Nikiwa na maandishi yako, si mali ya duka tena, naifuta kwenye orodha. Lakini karatasi hiyo lazima niipeleke ofisini." Hapo alinitazama machoni, mara yake ya kwanza. "Unajua sheria yao inasemaje."

Nilijua, sahihi yangu ilikuwa chini yake. Zilikuwa zimebaki wiki tano tupewe kiinua mgongo na barua ya sifa, na binti yangu Brenda alikuwa anaanza chuo. Nilifikiria kumpigia Mama Njeri nimwambie suti imepotea. Nilifikiria hata maneno nitakayotumia. Angenisamehe, najua, na hicho ndicho kilichonishinda. Dereva alipiga ubao wa lori kwa kiganja, mara mbili. Nikamwona Mwalimu akiinua ile mikono yake.

Nikaomba kalamu. Niliandika sentensi tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikatia sahihi. Bwana Dale alizisoma, akakata mstari mmoja kwenye orodha yake, kisha akaitundika suti kwenye hanga na kuivalisha mfuko wa plastiki yeye mwenyewe. "Pole kwa msiba," alisema. Jioni ile ile niliambiwa nisirudi. Kuhusu kiinua mgongo, neno langu ni hili moja tu: sikukipata.

Niliendesha gari hadi nyumba ya maiti, karibu na Stafford, nikafika saa saba na nusu. Mama Njeri alikuwa ameketi kwenye korido na mkoba mapajani. Hakuniuliza kwa nini nimefika dakika za mwisho. Nilipomkabidhi mhudumu ile suti, aliipokea kwa heshima, akaingia nayo ndani, na kupitia mlango nikamwona akichukua mkasi.

"Unataka kufanya nini?" nilimuuliza.

"Huwa tunalipasua koti mgongoni ndipo tumvishe," alinijibu kwa upole. "Kisha tunakunja chini yake. Na hii bado ni kubwa kwake. Hakuna atakayeona, mama."

"Usikate," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Nipe dakika ishirini."

Nilifumua mshono wa katikati ya mgongo kwa kiwembe, uzi mmoja mmoja, na bitana yake. Wakamvisha. Alikuwa amekonda kupita zile pini zangu zote. Nikachukua sindano nikalifunga koti juu yake pale mezani kwa mkono, mishono midogo, kwa mwili aliokuwa nao siku ile na si ule niliotaka awe nao. Suruali nayo niliibana upya, ingawa jeneza hufunguliwa nusu ya juu tu. Nilipopiga mshono wa mwisho, suti ilimkaa sawasawa. Nililia wakati huo, na mhudumu akageukia dirishani.

Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na mkasi wa Miss Earline na kile kitita cha tiketi. Nikaandika. Jina: Mwalimu Kariuki. Kazi: kubana koti na suruali. Hali: tayari. Nikakata kwenye matundu, nikaiweka nusu yake katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni. "Umemwekea nini?"

"Karatasi yake. Aliniomba siku ile, nikamnyima."

"Najua," alisema. "Alifika home akiwa na hasira kidogo. Akasema, Mama Brenda amenikatalia karatasi yangu, sasa nitaonyesha nini?" Akaja akalinyoosha koti pale kifuani kwa kiganja, ingawa lilikuwa limenyooka. "Haya, Mwalimu. Sasa uko nayo."

Basi Wambui, ndilo jibu. Andika tiketi. Mwandikie mgeni, na mwandikie dada yako kwanza kabla ya mgeni. Nusu yetu ya tiketi ya Mwalimu iko hapa mezani ninapoandika, na pini yake imeshika kutu. Nambari inasomeka, kazi inasomeka. Pale chini, ambapo mteja hutia sahihi kwamba amepokea nguo yake, hapana kitu.